Tabasamu la cdparanoia: historia ya programu za kuripu CD, na majaribio yangu ya matoleo ya kale

Leo tuweke simu kando kidogo, turudi enzi ya CD. Kuna swali moja ambalo huwa nawauliza watu wanaojua kompyuta, na wengi hukwama: kwa nini CD ya muziki ni ngumu kunakili kuliko CD ya faili za kawaida? Sahani ni ileile ya plastiki, leza ni ileile, kifaa cha kusomea ni kilekile. Lakini ukinakili CD ya faili mara 10, utapata nakala 10 zinazofanana biti kwa biti. Ukinakili CD ya muziki mara 10 kwa programu ya mwaka 1995, ungeweza kabisa kupata nakala 10 tofauti.

Mafundi wa mtaani huiita kazi hii kuripu, yaani kutoa nyimbo kwenye CD ya muziki na kuziweka kwenye kompyuta kama faili. Nami nitatumia neno hilohilo, maana kila mtu Kakamega anayeshika kompyuta analielewa. Nitaeleza programu za kuripu zilivyoanza, ni nani waliziandika na walipambana na tatizo gani. Halafu nitawaeleza yaliyotokea nilipozifufua baadhi yake hapa Lurambi. Kazi hiyo haikuwa ya kujifurahisha tu, kulikuwa na sauti ya mtu ya kuokoa.

CD ilitengenezwa kwa ajili ya masikio

Philips na Sony walikubaliana juu ya kanuni za CD ya muziki mwaka 1980, katika waraka unaojulikana kama Kitabu Chekundu kwa sababu ya rangi ya jalada lake. Vicheza CD vya kwanza viliuzwa Japani Oktoba 1982. Kanuni zenyewe si ngumu. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kina biti 16, na kuna njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukizidisha unapata baiti 176,400 kwa kila sekunde. Baiti hizo hugawanywa katika sekta 75 kwa sekunde, kila sekta ina baiti 2,352. CD iliyojaa ya dakika 74 hubeba baiti zaidi ya milioni 783.

Sasa fikirieni mwaka 1982. Hakuna kompyuta ya nyumbani iliyoweza kuhifadhi baiti milioni 783. Kwa hiyo wahandisi wale hawakuwa na sababu ya kuwaza kuhusu mtu atakayetaka kuhamishia muziki ule kwenye kompyuta. Walichotaka ni muziki uendelee kulia bila kukatika.

Ili ulie hata sahani ikiwa na mikwaruzo, walitumia hesabu za Irving Reed na Gustave Solomon, waliochapisha mbinu yao ya kusahihisha makosa mwaka 1960. Pamoja na hesabu hizo, data huchanganywa: sampuli zinazofuatana katika wimbo hazikai pamoja kwenye sahani, hutawanywa mbalimbali. Ni kama mwizi akikuchukulia punje moja moja kutoka kwa kila hindi, hutaona tofauti jikoni. Akichukua mahindi mazima, chakula kinapungua. Kwa mpango huu CD inaweza kusahihisha kabisa pengo la biti kama 4,000 mfululizo, yaani mkwaruzo unaofunika takriban milimita 2.5 za njia ya leza. Pengo likizidi hapo, kifaa hukisia: huchukua sampuli ya kabla na ya baada na kuweka thamani ya katikati. Sikio halishtuki. Lakini data iliyotoka si ile iliyorekodiwa.

CD ya faili ilipokuja baadaye, wahandisi walijua kwamba kukisia hakufai. Ukikisia baiti moja ya programu, programu haifanyi kazi. Basi katika sekta ileile ya baiti 2,352, wakaacha baiti 2,048 tu kwa faili. Zilizobaki waligawa hivi: 12 za kuonyesha sekta inaanzia wapi, 4 za anwani na aina ya sekta, na 288 za kugundua na kusahihisha makosa. Sekta ya muziki haina hata moja ya hizo. Baiti zote 2,352 ni muziki mtupu. Anwani yake imewekwa pembeni, kwenye njia ndogo inayokwenda sambamba na muziki, na usahihi wake si wa kutegemewa hadi baiti ya mwisho.

Matokeo yake ni haya. Kompyuta ikisema "nipe sekta ya 5,000", kisoma CD cha zamani kilikwenda mahali karibu na hapo. Mara kilianza sampuli chache mapema, mara chache baadaye. Na kompyuta za miaka ya 1990 zilikuwa polepole, kwa hiyo zilisoma kidogo, zikasimama kuandika kwenye diski kuu, kisha zikaomba kuendelea. Kila walipoendelea, mahali pa kuanzia palikuwa pameteleza. Ukisikiliza faili hiyo unasikia mlio mdogo wa "tik" kila baada ya muda. Nitauita mtelezo.

Programu za kwanza

Kabla ya hapo njia pekee ilikuwa kupiga CD kama kawaida na kurekodi kupitia waya mwembamba uliounganisha kisoma CD na kadi ya sauti. CD ya saa moja ilichukua saa moja, na kelele za ndani ya kompyuta ziliingia humohumo.

Moja ya programu za mwanzo kabisa zilizosoma data yenyewe ni cdda2wav ya Heiko Eißfeldt, Mjerumani, ambayo ilianza mwaka 1993 kwa watumiaji wa Linux na Unix. Kwa upande wa Windows wengi walikuja kuijua AudioGrabber ya Jackie Franck wa Uswidi, na baadaye CDex iliyoanzishwa na Albert Faber. Zote zililazimika kushughulika na tatizo jingine: kila kampuni ya visoma CD ilikuwa na amri zake za kuombea muziki, na visoma CD vingine vilikataa kabisa.

Kilichofanya watu wengi wazitafute programu hizi ni MP3. Jina la faili la .mp3 lilichaguliwa Julai 1995 na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani. CD inahitaji biti 1,411,200 kwa sekunde, MP3 ya kawaida ya wakati ule ilitumia 128,000, yaani kama mara 11 pungufu. Ghafla diski kuu ya gigabaiti moja ingeweza kubeba CD nyingi badala ya moja na nusu. Lakini MP3 haiwezi kurekebisha kilichoharibika wakati wa kuripu. Mlio wa "tik" ukiingia, unabanwa pamoja na wimbo na kukaa humo milele.

Monty na wasiwasi wake

Hapa ndipo anapoingia Christopher Montgomery, anayejulikana zaidi kama Monty, mwanzilishi wa Xiph, kundi lililotupa pia Ogg Vorbis. Alianza kwa kuifanyia marekebisho cdda2wav ya Heiko. Marekebisho hayo yalikuwa Paranoia ya kwanza na ya pili. Kisha akaona ni heri aandike upya kabisa, na ikawa cdparanoia III mwaka 1998. Jina lenyewe linasema yote: programu inayoshuku kila kitu inachoambiwa na kisoma CD.

Wazo lake ni hili. Usisome vipande vinavyogusana, soma vipande vinavyopandana. Fundi wa nguo akiunga vipande viwili vya kitenge, halinganishi kingo tu, hutafuta mahali ambapo maua ya kipande kimoja yanalala juu ya maua yaleyale ya kipande cha pili, ndipo anashona. cdparanoia hufanya hivyo kwa sampuli. Husoma eneo moja zaidi ya mara moja, hutafuta mahali mifuatano inapolingana, na huunga hapo. Kama usomaji mmoja uliteleza, hugundua na kuusogeza. Kama usomaji mbili haukubaliani, husoma tena na tena.

Na jambo ambalo lilinifanya niipende: wakati inafanya kazi, mwisho wa mstari kwenye skrini inaonyesha uso. Ukiona :-) mambo ni shwari. Ukiona :-| kuna mtelezo mwingi lakini inaumudu. 8-| maana yake inakuta matatizo mahali palepale kila ikirudia kusoma. :-( imegundua mkwaruzo. ;-( imekata tamaa na sehemu hiyo. Ikimaliza salama inaweka :^D. Programu nyingi za leo zenye madirisha ya kupendeza hazikuambii ukweli kiasi hicho.

cdparanoia ilibaki na jina la alfa kwa miaka. Toleo la III alfa 9.8 lilitoka mwaka 2001, na ndilo lililokaa ndani ya karibu kila Linux hadi 10.2 ilipotoka Septemba 2008. Yaani "toleo la majaribio" ndilo watu walilitumia kuokoa makusanyo yao yote ya muziki. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Wiethoff na usomaji mara 82

Mwaka huohuo wa 1998, Ujerumani tena, Andre Wiethoff alianza kutoa Exact Audio Copy, maarufu kama EAC, kwa Windows. Njia yake ya usalama ni rahisi kueleza: kila sekta isomwe angalau mara mbili. Zikilingana, songa mbele. Zisipolingana, isome mara 16, na matokeo 8 kati ya hayo yakifanana, yakubali. Yasipofanana, rudia duru nyingine, hadi duru tano. Kwa hiyo sekta mbaya kabisa inaweza kusomwa mara 82. Ikishindikana, EAC huandika kwenye ripoti yake mahali penye mashaka, dakika na sekunde.

Wiethoff na wenzake walikutana na adui mpya: kache. Visoma CD vya baadaye vina kumbukumbu ndogo ya ndani. Ukiomba sekta ileile mara ya pili, kifaa hakirudi kwenye sahani, kinakupa kilichokwisha kukihifadhi. Programu inadhani imesoma mara mbili na kukuta makubaliano, kumbe ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara mbili. Kache ya megabaiti 2 inaweza kubeba karibu sekunde 12 za muziki. EAC ilijifunza kuipima na kuisafisha kwa kusoma sehemu nyingine kwanza. cdparanoia 9.8 iliandikwa wakati kache zilikuwa ndogo. Toleo la 10 ndilo lililoleta chaguo la -A la kuchunguza tabia ya kache ya kifaa chako.

Kulikuwa pia na jambo la usogevu. Kila aina ya kisoma CD huanza kusoma mbele au nyuma kidogo kwa kiasi kilekile kila mara, kwa mfano sampuli 6 au 102. Halidhuru sikio, ila hufanya nakala mbili sahihi zionekane tofauti mpaka uzisogeze zilingane.

Kutoka mtu mmoja hadi kijiji

Wazo kubwa lililofuata ni AccurateRip, iliyotoka kwa watu wa dBpoweramp. Badala ya kusoma mara 82 peke yako, linganisha na wengine. Ukishamaliza wimbo, programu inakokotoa namba ya ukaguzi na kuilinganisha na namba za watu wengine duniani waliokuwa na CD hiyohiyo. Mkilingana watu watatu wenye visoma CD tofauti, haiwezekani nyote mmekosea kwa namna ileile.

Majina ya nyimbo nayo yalipatikana kwa njia ya kijiji. CD ya kawaida haina majina ndani yake. Ti Kan, mwandishi wa programu ya xmcd, na Steve Scherf waliendeleza CDDB, ambapo CD ilitambuliwa kwa hesabu fupi ya urefu wa nyimbo zake, na watu wakachangia majina bure. Baadaye ikawa biashara, ikaitwa Gracenote mwaka 2000. Wachangiaji wengi walichukia kuona jasho lao linauzwa, na hapo ndipo freedb ilipopata nguvu, na MusicBrainz ya Robert Kaye ikazaliwa. freedb ilifungwa mwaka 2020. MusicBrainz iliendelea.

Kampuni za muziki hazikufurahi. Nyingine ziliuza sahani zenye makosa ya makusudi, zikitegemea kwamba kicheza CD cha sebuleni kingekisia na kuendelea ilhali kompyuta ingekwama. Mwaka 2005 Sony BMG walikwenda mbali zaidi: CD zao ziliweka kwa siri programu ya kujificha ndani ya Windows. Mark Russinovich aliifichua Oktoba 31 mwaka huo, na mwezi uliofuata kampuni ikaanza kurudisha sahani hizo kutoka madukani.

Sisi tuko wapi katika hadithi hii?

Huku kwetu kanda za kaseti zilitawala hadi miaka ya 2000. Muziki wa Magharibi mwa Kenya uliofika kwenye CD za kiwandani ulifika kupitia nje. Mfano mzuri ni Abana ba Nasery, yaani Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola kutoka Bunyore, wenye gitaa za omutibo na mlio wa chupa ya Fanta. Rekodi zao za zamani zilitolewa kwa CD na GlobeStyle ya London. John Storm Roberts naye alikusanya nyimbo za Kenya za kabla ya benga na kuzitoa Marekani. Sahani kama hizo zilichapishwa nyingi, ziko kwenye makabati ya watu Ulaya na Marekani, na zina nafasi ya kukutwa kwenye hifadhidata za watu.

Lakini kwaya ya kanisa la hapa Lurambi haikwenda London. Ilikwenda studio ndogo mjini Kakamega, ikarekodi, na ikapewa CD za kuchoma, zile ambazo data huandikwa kwenye rangi nyeti badala ya kugongwa kiwandani. Rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Ukibandika karatasi yenye gundi juu yake, gundi nayo inaweza kuharibu. UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2014, na ni jambo jema. Rekodi za kwaya na za ngoma zilizochomwa kwenye CD na kuwekwa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo, hakuna orodha inayozitaja.

Majaribio

Kwaya hiyo ilinipa sahani 6. Moja ni ya kiwandani, ya injili, 5 ni za kuchoma, za mwaka 2006. Studio iliyorekodi ilishafungwa na diski zake kupotea. Wimbo wa 7 katika sahani moja unaanza na sauti ya kiongozi wa kwaya akiwa peke yake. Wao humwita Mwalimu tu. Alishafariki. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, mambo ya kompyuta hatuyajui. Sisi tunataka tumsikie Mwalimu bila kukwama."

Nilitumia Pentium 4 ya mitumba, upande mmoja Debian 3.1 ya mwaka 2005 yenye cdda2wav na cdparanoia III alfa 9.8, upande wa pili Windows XP yenye EAC 0.95 beta. Pia laptopu yenye cdparanoia 10.2 na kisoma CD cha nje cha USB. Kwa nini matoleo ya kale? Kwanza, nilitaka kuona kila programu ilitatua nini ambacho iliyotangulia haikuweza. Pili, visoma CD vya kale vinasoma taratibu na tabia zao ni tofauti na vipya, na utofauti huo ndio nilioutaka.

Sahani ya kiwandani haikunisumbua. Programu zote tatu zilitoa data moja. Kati ya vifaa viwili kulikuwa na usogevu wa sampuli 96, kama sehemu 2 kati ya 1,000 za sekunde. Nilipousahihisha, kila biti ililingana.

Sahani ya Mwalimu ilikuwa kesi nyingine. cdda2wav ilimaliza haraka na haikulalamika kitu. Nikairudia. Nilipolinganisha nakala mbili za wimbo wa 7 kwa md5sum, hazikufanana. Ukimya wake ulikuwa wa kutojua.

cdparanoia 9.8 kwenye kisoma CD cha USB ilinipa tabasamu :-) mwanzo hadi mwisho. Nikairudia, tabasamu tena, na nakala mbili zikatofautiana! Hapo kache ilikuwa kazini. Programu ilikuwa ikilinganisha usomaji na kivuli chake, ikaridhika. Nilipoihamisha 9.8 ileile kwenye kisoma CD cha kale ndani ya Pentium 4, uso ukageuka 8-| na kubaki hivyo zaidi ya saa nzima kwa wimbo huo mmoja. Katikati ya usiku wa pili stima ikapotea. Kwa kuwa cdparanoia haiendelei ilipoachia, nilianza upya, safari hii wimbo mmoja mmoja.

10.2 kwenye laptopu, baada ya kuchunguza kache kwa -A, ilionyesha ukweli: ilikiri matatizo mahali ambapo 9.8 ilitabasamu. EAC 0.95 nayo iliandika sehemu kadhaa zenye mashaka katika wimbo wa 7.

Hakuna programu iliyoweza kumaliza kazi peke yake. Na AccurateRip haikuweza kusaidia, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuripu sahani ile. Hifadhidata ya kijiji haimjui asiye na jirani. Basi nikaamua kutengeneza kijiji kidogo hapa hapa. Niliandika skripti fupi ya Python: inachukua nakala kutoka kwa visoma CD tofauti, inasahihisha usogevu, kisha inapiga kura sekta kwa sekta. Vifaa viwili tofauti vikikubaliana juu ya sekta, inakubaliwa. Kifaa kimoja kujikubali chenyewe hakihesabiwi, kwa sababu ya kache. Katika wimbo wa 7 zilibaki sekta 43 zisizo na makubaliano. Nikaazima kisoma CD cha tatu kwa fundi wa laptopu pale Kefinco, zikabaki 11. Hiyo ni kama sehemu ya saba ya sekunde, na zimetawanyika.

Hizo 11 nilichukua usomaji uliosikika vizuri zaidi. Lakini sikuficha. Kando ya faili za FLAC kuna faili ya maandishi yenye namba ya kila sekta iliyokisiwa, majina ya programu, matoleo, na vifaa vilivyotumika. Nilichagua FLAC ya Josh Coalson, iliyofikia toleo 1.0 mwaka 2001, kwa sababu haipotezi biti hata moja na maelezo yake yako wazi kwa yeyote. MP3 nilitengeneza za kutumwa kwa WhatsApp tu. Sasa kwaya inasikiliza ubeti wa pili wa wimbo ule, ambao wanachama wapya walikuwa hawaujui kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuandika popote, na wameanza kuuimba.

Kama una sahani nyumbani

Mambo machache kwa wanaotaka kujaribu. Anza na sahani za kuchoma, si za kiwandani, maana za kuchoma ndizo zinazokufa kwanza. Usitupe kisoma CD cha kale hata kama ni cha polepole. Tumia vifaa viwili tofauti na ulinganishe. Usiamini programu isiyolalamika mpaka uirudie na upate matokeo yaleyale. Futa sahani kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzunguka, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ya leza unakula sampuli nyingi mfululizo na hesabu za Reed na Solomon zinashindwa. Hifadhi ripoti pamoja na muziki. Na kama nyimbo ni za watu wengine, zirudishe kwao, usiziuze.

Skripti yangu bado ina kona zake, hasa usogevu ukibadilika katikati ya wimbo, na ninaendelea kuirekebisha. Sahani 3 za kwaya bado ziko mezani, moja ina ganda linalobanduka ukingoni, na hiyo ndiyo inayofuata. Kwa leo niishie hapa. Alamsiki.